Shajara ya mradi: kamera moja, jahazi moja na umeme wa jua, Nungwi 2023

4 Septemba 2023: Mpango na hesabu za awali

Mradi huu ni wa kamera moja iliyofungwa juu ya nguzo, ikipiga picha moja kila baada ya dakika 5 tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ili kuhifadhi kazi yote ya kuunda jahazi kwenye ufukwe wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kuanzia mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, unapolazwa hadi siku ya kushua, yaani kuliteremsha majini. Mafundi wa hapa huunda vyombo bila mchoro wa karatasi. Vipimo vimo machoni na mikononi mwao, na ndiyo maana nataka kila hatua ionekane kwa mpangilio wake. Naandika shajara hii kwa ajili ya yeyote atakayetaka kufanya kazi kama hii mahali pasipo na soketi ya umeme karibu.

Kamera niliyonayo ni Canon EOS 1200D, ya megapikseli 18, inayotumia betri ya LP-E10 yenye volti 7.4 na uwezo wa mAh 860. Kamera hii haina kipima muda cha ndani, kwa hiyo nimenunua rimoti ya muda inayochomekwa kwenye tundu la milimita 2.5 ubavuni mwake. Rimoti hupangiwa nafasi kati ya picha na picha pamoja na idadi ya picha za siku. Mimi nimeweka 120, nami nitaiwasha kila asubuhi.

Picha ya JPEG ya ubora wa juu huchukua takriban MB 6.4, hivyo picha 120 ni chini kidogo ya MB 800 kwa siku, na kadi ya GB 32 inaweza kukaa zaidi ya mwezi kabla ya kujaa. Kwa RAW, yaani picha ghafi, ambayo ni karibu MB 24 kwa picha, kadi hiyo hiyo ingejaa ndani ya siku 11 hivi. Nimechagua JPEG. Fokasi nimeiweka kwa mkono na kuifunga kwa utepe ili lenzi isitafute shabaha upya kila mara.

11 Septemba: Siku ya kwanza, betri haikumaliza siku

Kamera iliwashwa saa moja asubuhi na ikazima saa saba kasoro robo mchana, ikiwa imepiga picha 70 tu. Kitabu cha maelezo kinataja takriban picha 500 kwa betri iliyojaa, nami nilikuwa nimeipanga siku nzima kwa kuitegemea namba hiyo. Kosa langu lilikuwa kuhesabu picha badala ya kuhesabu saa. Kipimo cha picha 500 kinachukulia kwamba mtu anapiga, kisha anaendelea kupiga baada ya muda mfupi. Kamera yangu hukaa macho dakika 5 nzima ikisubiri picha moja, na kule kukaa macho ndiko kunakokula betri. Nilipopima kwa multimita, nilikuta inavuta kati ya ampea 0.1 na 0.2 hata skrini ikiwa imezimwa. Ukigawanya mAh 860 kwa mA 150 unapata saa 5 na dakika 45 hivi, na ndivyo ilivyotokea.

Kwa nini sikuiacha kamera ilale yenyewe kati ya picha na picha? Nilijaribu, lakini mara nyingine rimoti ilipobonyeza, kamera iliamka tu na haikupiga. Kwa hiyo nikafuta kabisa mpangilio wa kujizima. Msomaji anayefuata mradi huu aliweke jambo hili akilini, kwa sababu nitalirudia chini, na limenigharimu zaidi ya yote.

16 Septemba: Betri bandia na kishusha volti

Nimeachana na betri ya kawaida. Mahali pake nimeingiza betri bandia, yaani kipande cha plastiki chenye umbo la LP-E10 na waya unaotoka kupitia kijitundu cha mfuniko wa chini. Umeme unatoka kwenye betri ya asidi ya volti 12 na Ah 7, inayochajiwa na paneli ya sola ya wati 10 kupitia kidhibiti chaji. Kati ya betri na kamera kuna kishusha volti cha aina ya LM2596, kibao kidogo chenye skrubu ya shaba ya kurekebishia volti.

Hapa nilikaribia kuiua kamera. Kibao hicho kilipofika, skrubu yake ilikuwa imepangwa juu kabisa, hivyo kilikuwa kinatoa karibu volti 12 zote zilizoingia. Niliizungusha mara tatu kurudi nyuma, nikapima, namba haikusogea. Nikadhani kibao ni kibovu na nikataka kukichomeka tu nione. Namshukuru Mungu sikufanya hivyo. Skrubu hizo ni za mizunguko mingi, na nilihitaji kuizungusha zaidi ya mara kumi kinyume cha saa kabla volti hazijaanza kushuka. Niliiweka kwenye 7.4, nikaipaka rangi ya kucha isizunguke kwa mtikisiko, kisha nikaupima tena upande wa chanya na wa hasi kwenye ncha za betri bandia yenyewe, maana rangi za waya za vifaa vya bei nafuu hazitegemeki. Fyuzi ya ampea 2 imekaa karibu kabisa na betri ya asidi.

Jambo lingine limejitokeza ambalo sikulifikiria: kwenye kamera hii, kadi na betri hukaa chumba kimoja, chini ya mfuniko mmoja. Kutoa kadi maana yake ni kuishusha kamera kutoka kwenye nguzo, kuufungua mfuniko na kuukata umeme. Kwa sababu hiyo nimeamua kwamba picha zitatolewa kila Ijumaa kwa waya wa USB, mafundi wakiwa mapumzikoni, na kadi itabaki mahali pake. Waya huo hauchaji kamera hii. Unabeba picha tu.

24 Septemba: Kamera inajizima yenyewe

Kwa siku nne kamera imekuwa ikizima wakati wa kupiga picha, si kila mara, labda mara mbili au tatu kwa siku. Skrini huonyesha alama ya betri tupu, ingawa betri ya asidi ina volti 12.6. Fundi mkuu ndiye aliyeliona kwanza, akiwa juu ya jukwaa akifanya kazi. «Mwanangu, jicho lako limelala,» aliniambia, na nilipopanda nikakuta kweli.

Nilifikiri ni mshtuko mfupi wa umeme pale kioo cha ndani kinaponyanyuka, nikalehemu kapasita ya mikrofaradi 2200, kifaa kinachotunza umeme kidogo na kuutoa haraka, kwenye mdomo wa kishusha volti. Kuzima kulipungua hadi mara moja kwa siku, nami nikaridhika na kuendelea. Sikupaswa kuridhika.

6 Oktoba: Kadi haisomeki

Leo Ijumaa nilichomeka waya wa USB kama kawaida, kamera ikasema kadi haiwezi kufikiwa. Niliishusha, nikatoa kadi na kuiweka kwenye kisoma kadi, na kompyuta ikanipa swali lile ambalo kila mpiga picha analiogopa: je, ungependa kuifomati diski hii kabla ya kuitumia? Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilijibu hapana, nikaichomoa.

Kilichotokea kinaeleweka ukijua jinsi kadi inavyotunza picha. Kadi ya GB 32 hutumia mfumo wa FAT32, wenye jedwali linaloonyesha kila faili limekaa katika vipande vipi vya kadi. Kila picha mpya inapoandikwa, jedwali hilo pia linaandikwa upya. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, picha zinabaki zilipo lakini jedwali linakuwa limevurugika, mithili ya ghala lililojaa mizigo huku daftari la karani limeraruka. Kila kuzima nilikokupuuza tangu Septemba kulikuwa ni nafasi moja ya daftari hilo kuraruka, na safari hii liliraruka kweli.

Niliteremsha kijiswichi cha ubavuni mwa kadi kwenye upande wa kufunga ili kompyuta isiandike chochote, ingawa ijulikane kwamba kijiswichi hicho ni ishara tu kwa kisomaji, nacho ndicho kinachoamua kuitii. Kisha nikatengeneza nakala pacha ya kadi nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwenye diski ya nje, na kazi yote ya ukombozi nikaifanya juu ya nakala hiyo, si juu ya kadi. Programu niliyotumia ni PhotoRec, ambayo ni ya bure na haitegemei jedwali. Inapita kwenye data ikitafuta alama za mwanzo wa faili za picha. Kwa kuangalia namba ya mwisho ya faili kwenye kamera, wiki hiyo ilikuwa na picha 612. Zilirudi 603, na tatu kati yake nusu ya chini ni kijivu kitupu. Wiki hiyo ndiyo mataruma ya kwanza, yaani mbavu za jahazi, yaliposimamishwa, na sikulala mpaka nilipoyaona yote.

Faili zilizookolewa hazirudi na majina yake. Zinapewa majina ya herufi f na namba ndefu, hivyo nilitumia programu ya exiftool kuzipa majina upya kwa tarehe na saa iliyomo ndani ya kila picha. Hapa nikagundua kwamba picha za siku mbili zilikuwa na tarehe ya miaka ya nyuma kabisa, kwa kuwa kamera ilikaa bila umeme usiku kucha na saa yake ikarudi mwanzo. Zile ilinibidi kuzipanga kwa kuangalia vivuli vya nguzo kwenye mchanga. Sasa kila Ijumaa naikagua saa ya kamera kabla ya kitu kingine chochote.

7 Oktoba: Chanzo chenyewe ni waya

Nilichelewa wiki mbili kufanya hesabu ambayo ingechukua dakika tano. Kishusha volti nilikuwa nimekiweka chini, kando ya betri, na kutoka hapo nilipandisha mita 5 za waya mwembamba wa spika hadi kwenye kamera. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.2 una ukinzani wa karibu omu 0.09 kwa kila mita, na umeme hupita mita 10, yaani kwenda na kurudi, kwa hiyo jumla inakaribia omu 0.9. Kamera ikivuta ampea 1.5 kwa kitambo kidogo wakati kioo kinanyanyuka na kadi inaandikwa, volti 1.3 zinapotelea ndani ya waya, na kamera inapata volti 6.1 badala ya 7.4. Kwa kamera, hiyo ni betri iliyokwisha. Multimita ya kawaida haiwahi kukuonyesha anguko hilo kwa sababu ni la muda mfupi mno. Kapasita ilikuwa inafuta makali ya mwanzo tu. Haiwezi kubeba mzigo kwa muda wote ambao kamera inaandika, tena nilikuwa nimeiweka upande usiofaa wa waya.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kishusha volti nimekipandisha juu, ndani ya sanduku la kamera, ili waya mrefu ubebe volti 12 badala ya 7.4, anguko dogo upande huo kishusha volti kinalimeza bila kamera kujua. Waya wenyewe nimeubadilisha kwa ule wa milimita mraba 1.5, kama wa kufungia nyumba. Tangu hapo kamera haijajizima hata mara moja.

9 Oktoba: Kadi ya bandia

Nilitaka kadi ya akiba, nikanunua sokoni kadi iliyoandikwa GB 64 kwa shilingi 12,000. Bei peke yake ilitosha kunishtua. Kabla ya kuitumia niliijaza kwa programu ya H2testw, ambayo huandika data kwenye kadi nzima kisha kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichorudi. Nafasi ya kweli ilikuwa GB 7 na kitu, huku zilizobaki zikiwa ni namba tu ambayo kadi imefundishwa kuitaja. Hatari ya kadi kama hii ni kwamba haikatai. Kamera ingeendelea kuandika kwa utulivu na picha zote za baada ya siku ya tisa hivi zingepotelea hewani. Muuzaji alikataa kuirudisha, kwa hiyo nimeiandika hasara. Kadi mbili za GB 32 ninazotumia nimezipima zote kwa njia hiyo hiyo, na kila moja ilichukua muda mrefu kidogo lakini zimefaulu.

20 Oktoba: Mawingu ya vuli na betri inayoshuka

Vuli imeanza mapema na kwa nguvu. Kwa siku tisa za mawingu betri ya asidi imeteremka kutoka volti 12.7 hadi 12.0 asubuhi ikiwa imetulia, na hata hapo nisingependa ifike kwa sababu betri za aina hii huchakaa haraka zikizidi kunyonywa zaidi ya nusu. Nilifikiria kununua paneli ya wati 30. Kabla ya kutoa pesa nilikaa nikapiga hesabu: kamera iliyo macho inatumia karibu wati 1.1, nayo ilikuwa macho saa 24, usiku ikilinda giza bila kupiga picha yoyote. Hiyo ni Wh (wati-saa) 26 kwa siku, na ukiongeza upotevu wa kishusha volti inafika 33. Paneli ya wati 10 inazalisha karibu kiasi hicho siku ya jua kali, na haikaribii kabisa siku ya wingu.

Nikarudi basi kwenye lile tatizo la siku ya kwanza. Rimoti ina mpangilio wa muda wa kubonyeza, ambao nilikuwa nimeuacha kwenye sifuri. Nilipouweka kwenye sekunde 2, kamera iliyolala iliamka na kupiga picha kila mara. Mbonyezo wa kwanza ulikuwa mfupi mno, ukaisha kabla kamera haijafungua macho vizuri. Sasa kamera imepangwa kujizima baada ya sekunde 30, hivyo kwa saa 10 za kazi inakuwa macho kama saa moja tu. Matumizi ya siku nzima, pamoja na kishusha volti chenyewe ambacho hula kidogo usiku na mchana, yako chini ya Wh 5. Betri ile ile sasa inaweza kuvumilia wiki nzima bila jua. Paneli sikununua.

Faida nyingine ni kwamba umeme haukatiki tena hata usiku, hivyo saa ya kamera haipotei.

Kuanzia kesho nitakuwa mjini kwa kazi yangu, nami nimekubaliana na kijana mmoja wa fundi kwamba atakuwa akibonyeza kitufe cha kuanzia kila asubuhi kwa posho ya shilingi 1,000. Nimemfundisha jambo moja zaidi, kwamba taa ndogo nyekundu ya nyuma ikiwaka asiguse mfuniko wa chini kwa sababu yoyote.

3 Novemba: Betri mbili ndogo

Nimerudi na kukuta picha zimekoma Jumanne saa nne asubuhi. Betri ya asidi ni nzima, kamera ni nzima, kadi ina nafasi. Kilichokufa ni betri mbili ndogo za AAA zilizomo ndani ya rimoti, ambazo sikuwahi kuziweka kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji umeme. Siku mbili na nusu za kupigilia mbao za ubavu zimepotea, na hakuna programu ya kuzikomboa, kwa kuwa hazikupigwa. Kijana alisikitika kuliko mimi. Alikuwa akibonyeza kila siku kama tulivyopatana, na skrini ya rimoti ilikuwa tupu akadhani ndivyo inavyokuwa. Kosa ni langu, maana sikumwonyesha skrini inavyopaswa kuonekana. Betri hizo sasa zinabadilishwa kila Ijumaa ya pili, ziwe zimeisha au hazijaisha.

17 Novemba: Chumvi

Baada ya mvua na upepo wa baharini, kamera ilianza kutoa ujumbe wa hitilafu ya kadi wakati wa kuamka. Nilipoitoa niliona ukungu wa kijani kwenye vipande viwili vya dhahabu vya kadi. Niliusugua polepole kwa pamba iliyolowa spiriti kidogo, nikaiacha ikauke saa nzima, na ikarudi kazini, lakini nimeistaafisha na kuweka ya pili. Kiini cha tatizo kilikuwa sanduku: nilikuwa nalifungua asubuhi mapema, hewa ikiwa na unyevu, kisha nalifunga likiwa limebeba unyevu huo ndani. Sasa linafunguliwa mchana tu, na vifuko vya kukaushia vinapashwa moto juani kabla ya kurudishwa.

Utaratibu wa picha umetulia kama ifuatavyo. Zikitoka kwenye kamera huingia kwenye kompyuta na kwenye diski mbili. Alama za sha256, yaani namba za kuthibitisha kwamba faili hazijabadilika, za faili zote hulinganishwa kati ya diski hizo. Diski moja huenda mjini. Kadi haifomatiwi mpaka hayo yamekwisha, na hufomatiwa ndani ya kamera, kamwe si kwenye kompyuta. Sifuti picha moja moja.

29 Novemba: Baada ya kushua, na gharama

Mwezi ulipevuka tarehe 27, na jana kwenye bamvua, yaani maji makuu, jahazi liliteremshwa kwa magogo, watu zaidi ya hamsini wakivuta kwa kuitikiana. Kwa siku hiyo nilibadilisha nafasi ya picha kuwa sekunde 10 na kuizuia kamera isilale, na betri ilishuka volti 0.2 tu hadi jioni.

Gharama, bila kamera niliyokuwa nayo: paneli shilingi 25,000, betri ya asidi 45,000, kidhibiti chaji 15,000, kishusha volti 6,000, betri bandia 38,000, rimoti 30,000, kadi mbili 56,000, kadi ya bandia 12,000, waya mnene 9,000, fyuzi na kapasita 3,000, sanduku 20,000, betri za rimoti 4,000. Jumla 263,000, na posho ya kijana kwa siku 33 ni 33,000, zote pamoja 296,000.

Kamera imeshushwa leo asubuhi. Kadi ya mwisho bado imo ndani, haijafomatiwa, mpaka diski ya pili ifike mjini.